Sauti ya Roscoe Lee Browne na tunavyozihukumu lafudhi

Walimu wenzangu wamewahi kuniuliza, wengine kwa utani na wengine kwa mshangao wa kweli, kwa nini katika mihadhara yangu ya isimujamii halikosi kutajwa jina la mwigizaji mmoja wa Kimarekani ambaye hakuwahi kuwa nyota wa mabango. Mwigizaji huyo ni Roscoe Lee Browne. Alifariki mjini Los Angeles tarehe 11 Aprili 2007, baada ya kuigiza jukwaani, katika filamu na katika televisheni kwa muda wa miaka hamsini. Jibu langu huwa ni kwamba sijapata mfano mwingine unaodhihirisha vizuri zaidi jinsi jamii inavyomwadhibu mtu ambaye usemi wake haulingani na sura yake. Na adhabu hiyo, tusijidanganye, sisi walimu tunaitoa pia, tena bila kufikiri.

Katika tasnia ya uigizaji ya Marekani kuna tabaka la watu ambao kazi yao si kuwa mashujaa wa hadithi. Wao ndio hakimu, ndio daktari, ndio mpishi wa msafara, ndio jirani mwenye busara. Mtazamaji huitambua sura ya mwigizaji kama huyo papo hapo, lakini jina asilikumbuke. Browne alikuwa katika tabaka hilo, ingawa kwake yeye kilichotambuliwa kwanza hakikuwa sura bali sauti: nzito, tulivu, isiyo na haraka, yenye konsonanti zilizotamkwa zikatamkika na silabi za mwisho zisizomezwa.

Alizaliwa mwaka 1922 huko Woodbury, jimbo la New Jersey, mwana wa mhubiri wa kanisa la Kibaptisti. Alisoma katika Chuo Kikuu cha Lincoln, Pennsylvania, chuo cha Wamarekani Weusi alichosomea pia Kwame Nkrumah kabla yake. Katika Vita Vikuu vya Pili vya Dunia alipelekwa Italia pamoja na askari wengine weusi, kwani jeshi la Marekani wakati huo liliwatenga askari kwa rangi zao. Alirejea akaendelea na masomo, kisha akafundisha Kifaransa na fasihi linganishi katika chuo chake hicho cha zamani hadi mwaka 1952. Wakati huohuo alikuwa mwanariadha wa kimataifa wa mbio za mita 800, masafa ambayo sisi Wakenya tumezoea kuyadai kuwa ni mali yetu. Baadaye akafanya kazi katika kampuni ya kuagiza mvinyo. Mwaka 1956, akiwa mtu mzima aliyepita miaka thelathini, mwenye mshahara na heshima yake, akaamua kuiacha kazi hiyo awe mwigizaji. Marafiki walimsihi asithubutu. Hakuwasikiliza, mwaka huohuo akapanda jukwaani katika mchezo wa Julius Caesar, katika tamasha la Shakespeare la New York lililoasisiwa na Joseph Papp.

Nimeyataja haya ya ujana wake kwa sababu moja. Mtu huyu alikuwa mwalimu wa lugha kabla ya kuwa mwigizaji, na kabla ya kuwa mwalimu alikuwa mtoto aliyelelewa chini ya mimbari. Atakaye kujua sauti ile ilitoka wapi hana haja ya kwenda mbali.

Lakini waliokuwa wakigawa nafasi za kuigiza hawakuuliza ilitoka wapi. Inasimuliwa kwamba mwongozaji mmoja alimlalamikia kuwa matamshi yake yalikuwa kama ya Mzungu. Browne akaomba radhi kwa adabu zote, akaeleza kwamba nyumbani kwao walikuwa na mtumishi wa kike Mzungu.

Wanafunzi wangu hucheka sana wanapoisikia kauli hiyo, nami huwaacha wacheke kwanza. Kisha huwaomba waichambue. Mwongozaji yule alikuwa na hoja iliyojificha: kwamba Kiingereza cha namna ile ni mali ya Wazungu, na mtu mweusi akikitumia basi amekiazima au amekiiba. Browne hakuipinga hoja waziwazi. Aliikubali, halafu akaipindua. Naam, alimaanisha, tumejifunza kwa Wazungu jinsi watoto wa matajiri wanavyojifunza lugha kwa yaya. Kwa sentensi moja alikuwa amewahamisha watu wawili kutoka mahali walipokuwa wamewekwa na historia ya nchi yao. Ukweli wenyewe, hata hivyo, unaumiza kuliko mzaha. Usemi ule haukuwa wa kuazima. Makanisa ya Wamarekani Weusi yamekuwa chuo cha ufasaha kwa vizazi na vizazi, na vyuo vyao kama Lincoln vililea wasemaji na wanasheria wengi. Anayesema kwamba ufasaha huo ni wa Kizungu anawanyang'anya watu weusi urithi wao, kisha anawashutumu kwa kuwa nao.

Televisheni ya Marekani ililifanyia jambo hili jaribio ambalo mwanaisimu angeona haya kulibuni. Katika miaka ya 1970 kulikuwa na kipindi cha vichekesho kilichoitwa All in the Family. Mhusika wake mkuu, Archie Bunker, aliyeigizwa na Carroll O'Connor, alikuwa mfanyakazi wa kawaida wa New York, mtu wa chuki nyingi na maarifa machache. Katika sehemu moja Archie analazwa hospitalini. Kati ya kitanda chake na cha mgonjwa wa pili kuna pazia. Nyuma ya pazia inatoka sauti ya mtu mstaarabu anayezungumza Kiingereza chenye lafudhi ya Kifaransa. Wawili hao wanazungumza, wanaelewana, wanakuwa marafiki. Archie anampenda mwenzake kabisa. Hatimaye pazia linaondolewa, naye anamwona Roscoe Lee Browne amelala pale, mweusi kama alivyoumbwa.

Watazamaji walimcheka Archie, nao walikuwa na haki. Ila mimi kila nikiifikiria sehemu hiyo huona kwamba lawama haimwishii Archie peke yake. Sote tunasikia sauti na papo hapo tunaichora sura. Mwaka 1999 mwanaisimu John Baugh na wenzake walichapisha utafiti uliothibitisha gharama ya mchoro huo. Baugh, ambaye ni Mmarekani Mweusi aliyekulia kati ya watu wa lahaja mbalimbali, aliwapigia simu wenye nyumba za kupangisha katika eneo la San Francisco. Aliomba kuonyeshwa nyumba kwa maneno yaleyale, lakini kwa lafudhi tatu tofauti: ya Wamarekani Weusi, ya Wamarekani wenye asili ya Meksiko, na ile iliyozoeleka kuwa ya Wazungu. Katika mitaa iliyokaliwa na Wazungu wengi, lafudhi mbili za kwanza zilialikwa mara chache zaidi kuja kuiona nyumba. Mtu alikuwa mmoja na ombi lilikuwa moja. Mwenye nyumba hakuwa amemwona mtu. Alikuwa amesikia salamu tu, na salamu ikatosha kuufunga mlango.

Kwa Baugh sauti iliyosikika kuwa nyeusi iliwafungia watu mlango. Kwa Browne sauti iliyosikika kuwa nyeupe iliwafungulia watu masikio, lakini sura ilipofika mlangoni pakatokea mtafaruku. Hebu tuitazame orodha ya kazi zake za filamu kwa jicho hilo.

Mwaka 1970 William Wyler alimpa nafasi kuu katika The Liberation of L.B. Jones, filamu ya mwisho ya mwongozaji huyo mashuhuri. Browne alikuwa mwenye kampuni ya mazishi katika mji wa kusini, mtu mweusi tajiri na mtulivu anayetaka talaka kwa sababu mkewe ana uhusiano na polisi Mzungu, na utulivu wake haumwokoi na kifo. Miaka miwili baadaye, katika The Cowboys, alikuwa Nightlinger, mpishi wa msafara wa ng'ombe unaoongozwa na John Wayne, huku wachungaji wenyewe wakiwa watoto wa shule. Nafasi ya mpishi mweusi katika filamu za namna hiyo kwa kawaida ilikuwa ya kuchekesha. Browne aliijaza sentensi ndefu zilizopangika kama hotuba, hivi kwamba wale watoto, na watazamaji pamoja nao, wanajikuta wanafundishwa na mtu waliyedhani atawapakulia maharagwe tu.

Hizo zilikuwa nafasi nzuri. Lakini mwaka 1976, katika Logan's Run, tunamkuta ndani ya vazi la fedha akiwa roboti. Uso hauonekani, sauti ndiyo inayotamba. Mwaka 1980 aliingia katika kipindi cha vichekesho cha Soap akiwa mtumishi wa nyumba ya matajiri, mtumishi aliyewazidi mabwana zake kwa elimu na adabu. Mwaka 1995 mamilioni ya watoto duniani walimsikia akiisimulia Babe, ile filamu ya Australia kuhusu mwananguruwe aliyejifunza kuchunga kondoo. Filamu hiyo ilipendekezwa kwa tuzo saba za Oscar. Waliomsikia wengi wao hawakumwona hata mara moja, kwa kuwa hakuwamo ndani yake ila kwa sauti.

Sidharau kazi ya usimulizi. Ni kazi ya heshima, na mwenyewe aliifanya vyema. Ninachosema ni kwamba kuna mpangilio hapa ambao si wa bahati. Tasnia iliipenda sauti na haikujua la kuufanyia uso ulioibeba. Ikaitenga: sauti ikapewa roboti, ikapewa mtumishi ambaye ufasaha wake ndio mzaha wenyewe, ikapewa hadithi ya wanyama. Ile tuzo ya Emmy aliyopata mwaka 1986 ilitokana na kuigiza profesa katika The Cosby Show. Yaani alipewa tuzo kwa kuwa kile alichokuwa tangu ujanani.

Na asije mtu akasema kwamba kumbe basi Browne alikuwa sauti tupu. Alfred Hitchcock aliligundua lililo kinyume. Katika Topaz, filamu ya mwaka 1969, Browne ni muuza maua wa Harlem, mzaliwa wa Martinique, anayetumwa kuzipiga picha nyaraka za siri za ujumbe wa Kuba hotelini. Hitchcock anatuweka ng'ambo ya barabara, pamoja na jasusi aliyemtuma. Tunamwona Browne akimshawishi afisa mmoja, akimwonyesha fedha, akikataliwa, akirudia tena, na hatusikii hata neno moja. Mwongozaji aliyekuwa na sauti ile mkononi aliamua kuizima, na mwigizaji akaubeba mkasa kwa mabega na mikono. Kwa maoni yangu hakuna mahali pengine katika filamu zake ambapo umahiri wake unaonekana wazi zaidi.

Jukwaani mambo yalikuwa tofauti, na hapa nitakawia kidogo, maana wanafunzi wa fasihi watafaidika. Mwezi Mei 1961 kundi la waigizaji weusi lilianza kuigiza mjini New York mchezo wa The Blacks wa Mfaransa Jean Genet. Kundi lenyewe lilikuwa la ajabu: James Earl Jones, Cicely Tyson, Louis Gossett, Maya Angelou na wengineo ambao majina yao yalikuja kuvuma baadaye. Browne alikuwa Archibald, mshereheshaji wa mchezo, yule anayewapanga wenzake na kuwakumbusha kila mmoja atende linalotarajiwa. Baadhi ya waigizaji walivaa vinyago vyeupe wakawa malkia, hakimu, gavana na mmishenari. Mchezo ulifikisha maonyesho 1,408. Hadhira ya Wazungu ililipa kiingilio, ikaketi, ikatazama watu weusi wakiwaigiza Wazungu wanaowahukumu watu weusi. Aliyeshika hatamu za kejeli hiyo alikuwa mwalimu wa zamani wa Kifaransa ambaye matamshi yake yaliambiwa kuwa si ya rangi yake.

Kisha mwaka 1964 ikaja Benito Cereno, mchezo ambao mshairi Robert Lowell aliutunga kutokana na hadithi ya Herman Melville. Browne akawa Babu, mtumwa anayeonekana kumhudumia nahodha Mhispania kwa unyenyekevu kupita kiasi. Nahodha Mmarekani anayeitembelea meli yao anavutiwa sana na utii huo. Asichokijua ni kwamba watumwa wamekwisha kuasi, meli iko mikononi mwao, na Babu ndiye kiongozi wao. Kila neno lake la unyenyekevu ni amri iliyofichwa. Browne alipata tuzo ya Obie kwa kazi hiyo. Mimi humwona Babu nyuma ya watumishi wote aliowaigiza baadaye, hata yule wa Soap. Mtumishi anayesema vizuri kuliko bwana wake huwa anachekesha mpaka pale bwana anapoanza kujiuliza nani anamtumikia nani.

Sasa ipo hatari ambayo sina budi kuitaja, kwa sababu nimewahi kuisikia kutoka kwa walimu. Wapo watakaosoma habari za Browne na kuhitimisha kwamba alifaulu kwa kuwa alisema Kiingereza sanifu, kwa hiyo wanafunzi wetu nao waache lafudhi zao. Hilo si somo ninalolitoa. Kiingereza cha Wamarekani Weusi kina sarufi kamili yenye kanuni zake, na wanaisimu wameichunguza kwa miaka zaidi ya hamsini bila kuona upungufu wowote wa kimantiki ndani yake. Browne mwenyewe alilijua hilo. Mwaka 1992 aliigiza Broadway katika Two Trains Running ya August Wilson, mchezo unaotokea katika mkahawa wa mtaa wa watu weusi mjini Pittsburgh mwaka 1969. Alikuwa mzee Holloway, mwanafalsafa wa barazani ambaye hajaingia chuo chochote. Wilson aliandika kwa lugha ya mtaa ule, naye Browne aliisema kwa uangalifu uleule aliompa Shakespeare. Alipendekezwa kwa tuzo ya Tony. Tuzo yenyewe ilimwendea Laurence Fishburne, mwenzake katika mchezo huohuo, na sina ugomvi na waamuzi. Ila wale walioshikilia kwamba Browne hawezi kusema kama mtu mweusi walipata jibu lao pale, kutoka kwa mtu wa miaka sabini.

Kwa hiyo hoja yangu ni hii: lafudhi ni kitu mtu anachojifunza, haimo katika damu wala katika ngozi. Anaweza kujifunza moja au nne. Kwetu Kenya tulikuwa na ithibati yake sebuleni mwetu kwa miongo mingi, tukaicheka bila kuitafakari. Mzee Ojwang' wa Vitimbi na Vioja Mahakamani, ambaye kila Mkenya wa rika langu angeweza kumwiga, alizungumza Kiswahili chenye lafudhi nzito ya Kijaluo. Aliyemwigiza alikuwa Benson Wanjau, Mkikuyu, aliyefariki mwaka 2015. Alijifunza lafudhi ile kwa sikio na kwa bidii kama fundi anavyojifunza randa, mpaka wengi wakaapa kwamba ni mzaliwa wa ziwani.

Wanjau alivuka mpaka akapigiwa makofi. Wanafunzi wetu wanaovuka mipaka kama hiyo hupata nini? Msichana wa kijijini akitamka Kiingereza kwa namna aliyoisikia redioni, wenzake humwambia anasemea puani na kujifanya Mzungu. Yule anayetamka jinsi lugha ya mama yake ilivyomzoesha huambiwa anashrabu, na darasa zima huangua kicheko, mwalimu akiwemo. Kijana wa Lamu akihamishiwa shule ya bara, Kiswahili chake, ambacho tungepaswa kumwomba atufundishe, hugeuzwa kuwa kichekesho cha bweni. Wote watatu huishia kulitafuta jibu moja, nalo ni kunyamaza. Nimewapokea chuoni wanafunzi wa namna hiyo mwaka baada ya mwaka: wanaandika insha zenye fikra nzuri, lakini ukiwaita wasome aya moja kwa sauti wanaangalia sakafu.

Katika michezo ya kuigiza ya shule ndiko tabia hii inakojianika. Mlinzi wa lango sharti awe na lafudhi ya jamii fulani, mfanyabiashara mlaghai ya jamii nyingine, yaya ya jamii ya tatu, na waziri asiwe na lafudhi ya popote. Watoto wanajua mapema nani atapewa nini, kwa kuwa ugawaji wa nafasi hufanywa kwa kuangalia majina kwenye rejista.

Ninalo pendekezo kwa walimu watakaoandaa michezo muhula ujao. Siku ya kuchagua waigizaji, tundikeni pazia mbele ya darasa. Kila mwanafunzi asimame nyuma yake kwa namba bila kutaja jina, asome maneno ya waziri, kisha ya mlinzi, kwa lafudhi yoyote anayoiweza na anayoitaka. Walio mbele waandike namba ya aliyewashawishi katika kila nafasi. Halafu pazia liondolewe, na mwalimu atazame nyuso za wanafunzi wake, na uso wake mwenyewe kama yupo wa kumshikia kioo. Hakuna bajeti inayohitajika. Leso moja na kamba vinatosha.